Aliyelala si maiti

"Mtu alalapo ni maiti, hasikii haoni." Hayo ni maneno ya nyanya yangu wa Kibokoni. Naye huyo huyo husinzia barazani kunguru wakilia na tuktuk zikipita, hashtuki. Kitukuu chake kikikohoa chumbani, keshasimama. Maiti gani huyo?

Sikio halifungwi usiku. Ndani ya ubongo mna kituo kiitwacho thalamasi, kinachopokea habari za macho, masikio na ngozi kabla ya kuzisambaza. Usingizi ukikolea hurudisha mlango wake, lakini haukomei. Mwaka 1960 watafiti huko Uingereza waliwasikilizisha majina watu waliolala, na ubongo wa mlalaji ulishtukia jina lake mwenyewe kuliko majina ya wengine. Kumbe maana ya sauti nayo hupimwa, hata mtu akiwa anakoroma.

"Moto ukiwaka, nitaamshwa na harufu." Hili ndilo linalonitia hofu. Harufu haipitii kwanza thalamasi kama hisia nyingine, na ungedhani njia hiyo fupi ingemwamsha mtu upesi. Wapi! Marekani, mwaka 2004, watu waliolala walinusishwa mnanaa na kemikali yenye uvundo. Waliokuwa wamezama usingizini hawakuamka. Mlio wa sauti ndio uliowaamsha. Ndiyo sababu king'ora cha moshi hupiga kelele. Na wewe unayeingiza jiko la makaa chumbani mvua za Mei zikinyesha, sumu ya hewa yake haina harufu hata kwa aliye macho. Liache uani.

Jinamizi je, lililokukalia kifuani alfajiri? Mtu akiota, ubongo hulegeza misuli karibu yote, isipokuwa ya macho na ya kuvutia pumzi, asije akarusha ngumi kitandani. Pengine fahamu hutangulia kurudi, mwili ukachelewa: unaona dari, sauti haitoki. Baada ya sekunde au dakika chache hupita. Ayatul Kursi isome, sikukatazi. Jirani tu usimsingizie uchawi.

Wengine hudhani kwamba mtu akiwa macho hunasa kila kitu. Feni ikinguruma juu ya kichwa, baada ya muda mfupi huisikii tena, kwa kuwa ubongo huchoka na kisichobadilika. Ikinyamaza ghafla usiku wa manane, nyanya huyo, "maiti" wetu, hufumbua jicho moja na kuuliza:

"Stima zimepotea?"