Ufeministi wa Imani Maana Yake Nini?

Shangazi yangu alipokwenda kwa kadhi alichukua daftari la shule la mwanawe, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani aliandika kwa penseli kila alichonunua katika miezi tisa ambayo mumewe hakuleta matumizi: mkaa, unga, mafuta ya taa, dawa ya kifua ya mtoto. Kadhi akamwuliza anadai nini. "Sheikh, nadai matumizi yangu. Yote yamo humu." Kadhi akavaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

Neno ufeministi shangazi hakulijua, na angeitwa feministi pengine angekasirika. Lakini alichofanya siku ile ndicho kiini cha dhana hii.

Ufeministi wa imani ni msimamo wa mtu anayeshika mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwanamke ana utu na haki sawa na mwanamume, na kwamba dini yake ni ya kweli. Akiona dhuluma, hoja za kuipinga anazitafuta ndani ya dini yenyewe, katika aya, hadithi, mafundisho na historia yake. (Neno lenyewe bado halijatulia kwa Kiswahili. Wako wanaosema ufeministi, wako wanaosema ufeminia.) Kwa upande wa Waislamu, jina "ufeministi wa Kiislamu" lilienea miaka ya 1990, ingawa hoja zake ni za zamani zaidi. Mwaka 2009 wanawake wa nchi nyingi walikutana Kuala Lumpur wakaanzisha vuguvugu la Musawah, linalodai usawa katika familia za Kiislamu. "Musawah" ni Kiarabu, maana yake usawa.

Ukitaka kuwaelewa watu hawa, shika kwanza tofauti ya sharia na fikihi. Sharia ni njia aliyoiweka Mungu. Fikihi ni ufahamu wa wanavyuoni kuhusu njia hiyo, na wanavyuoni ni binadamu, kila mmoja na zama zake. Msingi huu haukubuniwa na wanawake wa leo. Madhehebu manne ya Kisunni yasingekuwapo kama fikihi ingekuwa na sauti moja.

Chukua khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari. Hadithi yake inajulikana: mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume, akasema hana lawama juu ya tabia wala dini ya mumewe, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Mtume akamwuliza kama atamrudishia mumewe shamba alilompa. Akasema ndiyo. Thabit akaambiwa apokee shamba lake na atoe talaka. Sasa, je, ile ilikuwa amri au ushauri? Wanavyuoni wengi walisema ushauri, kwa hiyo mume lazima aridhie. Hapo ndipo wanawake wengi hukwama miaka na miaka, kwa sababu mume hataki kuwaacha wala hataki kuwatunza. Misri ilipitisha sheria mwaka 2000 inayomruhusu mke kupata khului mahakamani hata mume akikataa, na waliotetea sheria ile walishika hadithi hii hii. Mimi naona walikuwa na haki. Mwanamke yule hakuambiwa arudi nyumbani akavumilie.

Kisha ipo mila, ambayo watu huichanganya na dini mpaka hawajui tena kipi ni kipi. Qurani, katika sura ya nne, aya ya nne, inaagiza wanawake wapewe mahari yao. Wapewe wao. Lakini ni harusi ngapi umehudhuria ambako mahari imeishia kwa baba na wajomba, na bibi harusi hajui hata ilikuwa kiasi gani? Anayedai mahari yake huambiwa anavunja heshima ya wazee, ilhali yeye ndiye aliyeshika Kitabu. Mila nayo nisiionee. Methali yetu "mke ni nguo, mgomba kupalilia" inamdai mume, haimdai mke. Kwenye mila zetu mna mengi ya kumtetea mwanamke.

Wakristo wana mjadala wao unaofanana na huu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa, lakini sura tatu nyuma ya hapo anazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii kana kwamba ni jambo la kawaida. Mwaka 1989, mjini Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walianzisha umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika, wasome Biblia kwa macho yao na kwa maisha yao.

Pagumu pako kwenye urithi. Aya ya mirathi inataja wazi fungu la mwana wa kiume kuwa sawa na la mabinti wawili, na hapa huwezi kusema ni mila tu. Jibu la kawaida ni kwamba mwanamume ana jukumu la kulisha, ndiyo maana anapewa zaidi. Wanaodai usawa wanauliza: na kaka asiyemlisha dada yake? Tunisia ilijadili muswada wa kusawazisha mafungu mwaka 2018, haukupita. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inaruhusu usawa uwekewe mipaka kwa Waislamu katika ndoa, talaka na urithi mbele ya kadhi. Kuna wanaosema wanawake hawa wanaweka kiraka kwenye nguo iliyochanika, na wanaosema wanaichana nguo nzima. Mimi siwaoni hivyo. Naona watu wanaokataa kuambiwa wachague kati ya haki yao na Mola wao.

Wazee wengine hawakungoja mjadala uishe. Babu yangu, akiwa hai na akili timamu, alimwandikia shangazi hiba, yaani zawadi isiyongoja mirathi, ya vyumba viwili mbele ya mashahidi. Ndimo alimohamia baada ya kesi, na ndimo lilimo mpaka leo lile daftari.