Mhindi si lazima awe raia wa India
Jirani yangu hapa Mombasa anauza vitambaa. Babu yake alizaliwa mji huu huu, naye ana kitambulisho cha Kenya, lakini wateja bado humuuliza: “Kwenu India utarudi lini?” Nimemwona akinyamaza, mkasi mkononi. Swali hilo linaumiza, tena limekosea. “Mhindi” kwetu mara nyingi hutaja asili, si uraia. Na asili yenyewe ni pana: wengine wazee wao walitoka sehemu ambazo tangu 1947 ni Pakistan. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1927, ukoo wake ulitoka Goa, pwani ya magharibi ya India, wakati huo koloni la Wareno. Alipigania uhuru wa Kenya, akauawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965. Mhindu je? Huyo ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Jirani yangu ni Mwislamu.