Mshahara wa Miezi Miwili Haujaingia: Andika Barua Kabla ya Kufunga Begi

Mchezaji anayeidai klabu mara nyingi haki anayo. Anachokosa ni karatasi. Kibaya zaidi, anaondoka kambini kwa hasira kabla hajaandika chochote, na siku hiyohiyo klabu inageuza kibao: yeye ndiye mtoro, yeye ndiye kavunja mkataba, yeye ndiye adaiwe fidia.

Kinga iko kwenye Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 14bis. Klabu ikishindwa bila sababu halali kulipa mishahara isiyopungua miwili kwa tarehe zake, mchezaji anapata sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Lakini kuna sharti, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: lazima kwanza aidai klabu kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote.

Tuseme mshahara ni shilingi milioni 2, hulipwa mwisho wa mwezi, na wa Januari na Februari haujaonekana. Barua inaweza kutoka Machi 1. Usihesabu kwa kubana. Taja tarehe yenyewe, kwa mfano Machi 18, kwa sababu siku 17 hazimdhuru mtu ila 14 zinaweza kuua kesi nzima. Ndani ya barua weka tarehe ya mkataba, kiasi cha kila mwezi na siku kilipotakiwa kulipwa, jumla ya deni, namba ya akaunti ya benki, na sentensi moja iliyonyooka: deni lisipolipwa lote hadi tarehe hiyo, utavunja mkataba kwa kifungu cha 14bis. Itume kwa baruapepe rasmi ya klabu, nakala kwa shirikisho la soka la nchi, kisha peleka iliyochapishwa ofisini na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwenyekiti, hata akijibu “nimekuelewa mdogo wangu”, usiufanye nguzo ya kesi.

Katika siku hizo 15, nenda mazoezini kila siku. Ukizuiwa getini au ukitengwa ufanye mazoezi peke yako, andika barua nyingine siku hiyohiyo, maana mwenendo wa klabu wa kumsumbua mchezaji ili aondoke mwenyewe nao ni sababu ya haki, chini ya kifungu cha 14. Klabu ikikurushia mshahara mmoja siku ya kumi na nne, pokea, andika kwamba umepokea sehemu tu, na muda uendelee. Kanuni inataka deni limalizwe. Kipengele cha mkataba kinachoipa klabu “muda wa nyongeza” wa kulipa pia hakitambuliwi, isipokuwa kama kimetokana na makubaliano ya pamoja na chama cha wachezaji.

Kuna karatasi moja ya kuogopa kuliko zote: ile inayosema “hatudaiani”, unayoambiwa usaini kwanza ndipo upewe nauli. Bila hiyo, kazi ya kuthibitisha kwamba mshahara ulilipwa ni ya klabu. Ukishasaini, mzigo umeuhamishia kwako. Bonasi zilizoahidiwa kwa mdomo vyumbani baada ya mechi ni kinyume chake. Hizo uzithibitishe mwenyewe, na bila maandishi ni vigumu mno. Ndiyo maana mkataba hupigwa picha kwa simu, kila ukurasa, dakika ileile ya kusaini. Klabu ikikunyima nakala yako, iombe kwa shirikisho.

Kwa anayetaka pesa yake bila kuondoka, kipo kifungu cha 12bis: deni lililopita siku 30, barua yenye siku zisizopungua 10, kisha malalamiko.

Unapeleka wapi? Mkongo au Mganda anayecheza Tanzania yuko kwenye mgogoro wa kimataifa, hivyo anaweza kwenda Chumba cha Usuluhishi wa Migogoro cha FIFA. Maombi hupitia mfumo wao wa mtandaoni, mchezaji halipi ada, na lugha ni Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Mwisho ni miaka 2 tangu tukio. Mtanzania katika klabu ya Tanzania huanzia TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Vyama vya wachezaji, SPUTANZA huku Tanzania na KEFWA kule Kenya, ni milango ya kugonga kabla ya kumlipa wakili.

Klabu ikishindwa kesi FIFA hupewa siku 45 kulipa. Ikigoma, hufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo, na kifungo huondoka ikilipa. Basi dirisha likikaribia simu zinaanza, na unaletewa mpango wa kulipwa kidogokidogo. Si vibaya kuukubali, ila iandikwe kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo, na usiondoe kesi kabla ya senti ya mwisho kuingia.

Baada ya hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya Oktoba 2024 katika kesi ya Lassana Diarra, kiungo wa zamani wa Ufaransa, FIFA ilirekebisha kifungu cha 17 kinachohusu fidia, kwa hiyo atakayekuandikia madai asitumie toleo la zamani.

Wachezaji wanawake wana nyongeza yao tangu Januari 2021: likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua wiki 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara, na mimba si sababu ya kuvunjiwa mkataba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai Lyon mishahara ya kipindi cha ujauzito wake, na mwaka 2022 FIFA iliamuru alipwe zaidi ya euro 82,000.