Alama 17 Kati ya 30 Si Ugonjwa

Wiki haipiti sijaletewa karatasi. Kijana kapakua mtihani wa kumbukumbu kwenye simu, kamkalisha bibi yake sebuleni baada ya Isha, kamuuliza maswali, kajumlisha, na asubuhi yuko mbele yangu na jibu tayari: "Daktari, bibi kapata 17 kati ya 30. Ni Alzheimer. Tunaomba dawa." Bibi mwenyewe kakaa pembeni ananitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kutuchoka sote mle chumbani.

Basi naandika hapa, ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Hakuna mtihani wa maswali duniani unaotambua Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Ipo inayosema "huyu aangaliwe zaidi". Kazi yake inaishia hapo.

Mtihani unaozunguka zaidi ni MMSE, wa Marekani, wa mwaka 1975. Mwenzake, MoCA, ulitoka Kanada mwaka 2005. Yote miwili ina alama 30, na yote ilitungwa kwa watu waliopita shule. Waliotunga MoCA walilijua hilo, wakatoa fidia: aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa alama moja. Moja! Aliyeishia kidato cha nne na bibi ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja wanapewa fidia ile ile, kisha bibi anaoneshwa picha ya kifaru ataje jina. Vifaru wapo Mkomazi, mpakani mwa mkoa wetu wa Tanga na Kilimanjaro, lakini waulize watu wa Ngamiani wangapi wamewahi kumwona mmoja.

Tuuchambue huu wa MMSE, maana ndio unaonikera. Unaanza na wakati: mwaka, majira, mwezi, tarehe, siku. Bibi wa Mikanjuni anajibu kwamba ni kusi, na ni mfungo tano. Yote sahihi. Kusi inavuma na mwezi wa Safar umeandama. Tarehe anayo, ila ni ya mwandamo. Ukimuuliza siku ya Alhamisi baada ya Magharibi atakwambia ni usiku wa Ijumaa, na hajakosea. Lakini mjukuu ana karatasi inayotaka "Agosti" na "kipupwe", anaandika sifuri. Mwaka? Bibi anahesabu miaka kwa nani alizaliwa na nani alikufa. Alama nne zimekwenda, na bado hatujafika kwenye kumbukumbu.

Halafu unakuja ule mchezo wa kutoa saba kutoka mia, tena saba, tena saba. Alama tano. Bibi huyu kauza bajia maisha yake yote, umpunje shilingi hamsini uone kama hatakuita hadi kona ya barabara. Lakini kutoa saba kutoka 93 kwa kichwa, bila bajia wala noti mkononi, hajawahi kuona sababu ya kufanya hivyo. Tano nyingine. Kisha aandike sentensi, asome maandishi yanayosema afumbe macho, anakili pembetano mbili zilizopandana. Tatu.

Jumla ni 12. Alama 12 zimeondoka na hakuna seli hata moja ya ubongo iliyoguswa. Baki ni 18, na hapo bibi hajasahau kitu. Asikie vibaya neno moja kwa sababu sikio limechoka, umepata 17 yako.

Na hilo la kusoma, ngoja nilikalie kidogo. Fomu zetu za utafiti zina kisanduku cha "miaka ya elimu". Bibi tunamwandikia 0. Huyu ni mtu aliyehitimu Kurani akiwa binti, anasoma herufi za Kiarabu bila kuhema, na daftari lake la upatu kaliandika kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo. Mwandikie "fumba macho" kwa herufi anazozijua, atafumba. Elimu ndogo imo katika vihatarishi 14 vya demensia (kupotewa na akili na kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo, Alzheimer ikiwa mojawapo) vilivyoorodheshwa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024, pamoja na shinikizo la damu, kutosikia vizuri, kutoona vizuri na vinginevyo. Sasa je, madrasa ni elimu? Kinacholinda ubongo ni kusoma kwenyewe, au ni maisha yanayofuata shule: kazi nafuu, chakula, presha kupimwa mapema? Nimekaa na swali hili muda mrefu na sina jibu ninaloweza kulitetea. Ninachojua ni kwamba ile 0 ni uongo, na huwa naiandika kwa mkono mzito.

Watafiti waliofanya kazi Hai, Kilimanjaro, waliligusa tatizo hili vizuri kuliko wengi. Waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta demensia kwa asilimia 6.4 hivi baada ya kurekebisha kwa umri. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Kutoka huko kikapatikana kipimo kifupi kinachoitwa IDEA: vipengele sita, hakuna kusoma, hakuna kuandika, na badala ya pembetano mzee anapanga njiti za kiberiti. Nakipenda. Lakini nacho ni chekeche tu.

Ugonjwa tunautambua kwa mabadiliko: mtu huyu alikuwa anafanya nini jana na juzi ambacho leo hakiwezi? Hapo nako pana mtego ambao vitabu vinaupita mbio. "Mama kaacha kupika." Kaacha kwa sababu amesahau mpangilio, au mkwe kamnyang'anya mwiko kwa heshima? Kwetu mzee anapumzishwa. Ukimpumzisha kila kitu, nitapimaje alichoshindwa? Huwa nauliza kuhusu misiba na harusi: bado anajua nani ni nani, bado anatoa ushauri, bado anakumbuka nani alimchangia nini? Inasaidia, haimalizi.

Upande wa pili, wenye alama nzuri wananipa hofu zaidi. Mwalimu mstaafu anapata 28, familia inashangilia, naye juzi kapotea kati ya Chumbageni na nyumbani kwake. Mtu aliyesoma sana huficha ugonjwa muda mrefu. Kule Marekani David Snowdon aliwafuatilia watawa 678 hadi kufa na ubongo wao ukachunguzwa. Wapo waliokutwa na mabonge ya amiloidi na nyuzi za tau, protini zinazorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer, za kutosha kabisa kuitwa wagonjwa, nao walikuwa na akili timamu hadi mwisho.

"Si kuna kipimo cha damu?" Kipo. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha cha kwanza, kinacholinganisha tau ya aina ya p-tau217 na amiloidi, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Sasa, p-tau217 hupanda pia figo zikichoka, na wazee wangu wengi wana presha na kisukari cha miaka mingi. Tena viwango vinawekwa kwa damu ya watu wengine. Jeni ya APOE e4, inayoogopwa sana Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya Alzheimer, ilipochunguzwa kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, haikuonesha nguvu ile. Kwa hiyo msinisukume.

Dawa mpya kama lecanemab: hupunguza kasi kwa walio hatua za mwanzo tu, baada ya amiloidi kuthibitishwa, na picha za MRI za kufuatilia ubongo usivimbe wala kuvuja damu. Hairudishi kilichopotea.

Mambo mawili ya haraka. Akichanganyikiwa ndani ya siku chache, mkimbizeni hospitali leo. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, au damu kichwani baada ya kuanguka. Na mzee anayeona watu wasiokuwepo, anayetembea kwa kukakamaa, anayezinduka na kupotea tena siku hiyo hiyo: kabla hamjasema jini, semeni Lewy, aina nyingine ya demensia. Mkifika popote pale, mkumbusheni tabibu kabla hajamchoma haloperidoli, sindano ya kutuliza, maana wagonjwa hao inaweza kuwaua.

Mkija kwangu, leteni mfuko wa dawa zote anazomeza, hata za mafua na za usingizi alizopewa na jirani. Leteni miwani. Na mleteni anayeishi naye. Kama ni dada wa kazi, mleteni huyo huyo, mumwache azungumze. Mtoto anayetuma hela kutoka Dar anajua namba ya simu ya mama. Dada ndiye anajua kwamba mama siku hizi anatia chumvi mara mbili.