Kuchapa ramani za bahari kwa oda: maana yake na pale inapokwama

Ramani ya bahari ni karatasi ya kazi. Nahodha huchora njia yake juu yake kwa penseli, hupima maili kwa bikari, akifika hufuta, na kesho huchora nyingine. Imejaa tarakimu ndogondogo za kina cha maji, alama za miamba, maboya na taa.

Kuichapa kwa oda ni hivi: ofisi inayotengeneza ramani haichapi tena maelfu ya nakala za kujaza ghala. Hutunza faili tu, na duka lenye printa pana huchapa nakala moja siku mteja anapoitaka.

Wengi wakiulizwa faida hutaja gharama ya ghala. Mimi ningeanza na masahihisho. Boya huhamishwa, fungu la mchanga husogea, meli huzama na kuacha mabaki njiani, na habari hizo hutolewa kila wiki katika matangazo kwa mabaharia. Nakala iliyolala dukani mwaka mzima ilibidi isahihishwe kwa mkono, tangazo baada ya tangazo, kwa kalamu yenye ncha nyembamba. Nakala ya oda hutoka na masahihisho hayo tayari.

Marekani imekwenda mbali zaidi. Serikali yake ilikuwa ikichapa ramani hizi kwa lithografia, yaani kwa bamba na wino kwa wingi, tangu 1862. Oktoba 2013 idara yake ya bahari na angahewa, NOAA, ilitangaza kwamba kazi hiyo ingekoma Aprili 2014, uchapaji ubaki kwa wachapaji walioidhinishwa. Ikaweka pia faili za PDF, bure. Siku hizi mtu huchagua mwenyewe eneo, skeli (uwiano wa ramani na eneo halisi) na ukubwa wa karatasi, na programu humtengenezea ramani. Uingereza, ambayo ramani zake hutumiwa sana na meli zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam, huuza zake. Mwaka 2022 ilisema ingeacha karatasi kufikia mwisho wa 2026; watumiaji wakalalamika, ikasogeza mbele hadi angalau 2030.

Basi kama faili ipo, si uchape nyumbani? Hapo ndipo kazi ilipo. Karatasi ya A0, ukubwa wa kawaida wa ramani kubwa, ni sawa na karatasi 16 za A4. Printa ya ofisini huacha ukingo mweupe pande zote, kwa hiyo utakata na kugundisha, na kiungo kikipinda kidogo tu, mstari wa dira unaovuka kutoka karatasi moja kwenda nyingine nao umepinda.

Ukiiambia printa iibane ramani yote kwenye karatasi moja, kuna jambo la kushangaza kidogo: umbali bado utapimika. Maili husomwa kwenye kipimo cha latitudo pembeni mwa ramani, ambapo dakika moja ni maili moja ya bahari, yaani mita 1852, na kipimo hicho kimepungua pamoja na ramani. Kinachokuwa uongo ni maandishi ya skeli, 1:50,000 kwa mfano. Hatari kubwa iko kwenye tarakimu. Kina cha mita 2.4 huandikwa 2, kisha 4 ndogo iliyoshushwa chini kidogo, bila nukta. Ibane hiyo mara nne, usiku, chini ya tochi, na jicho litasoma 24.

Wino wa printa nyingi za nyumbani nao huchuruzika ukiguswa na maji ya chumvi, na karatasi ya kawaida huchanika kwa kifutio.

Meli kubwa zinazofuata SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, hazina uhuru huo hata kidogo: lazima ramani iwe rasmi na ya kisasa, ya karatasi au ya mfumo wa kielektroniki ulioidhinishwa. Mwenye boti ndogo anaweza kuchapa kipande cha mlango wa bandari kwa skeli kamili, akakifunika kwa plastiki, akakiweka kama akiba simu ikizimika. Hilo naliona jambo la busara.

Ila wino mpya haupimi bahari upya. Kapteni Owen wa Jeshi la Majini la Uingereza aliipima pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1822 na 1826 kwa kuteremsha bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, na ziko ramani duniani ambazo bado zinabeba vipimo vya bildi. Kwenye ramani nyingi kuna kijichoro kinachoonyesha kila eneo lilipimwa mwaka gani. Kitafute hicho kwanza, ndipo usome tarehe ya kuchapwa.