Saint Helena haikuwa mbali, ilifanywa mbali

Leo nimesahihisha tena insha inayosema Saint Helena ni "kisiwa kilichojitenga na dunia tangu zama za kale". Hii ya ngapi jamani? Kalamu nyekundu inaniishia.

Ramani sibishani nayo: kilomita za mraba 122 za mawe ya volkano katika Atlantiki Kusini, Angola iko kama kilomita 1,900 mashariki. Ila merikebu ya matanga haisafiri kwa rula, inafuata upepo. Aliyekulia kwenye kaskazi na kusi hahitaji kuchorewa hili. Ukiizunguka Rasi ya Tumaini Jema kurudi Ulaya, upepo wa kusini-mashariki unakupeleka kulekule kisiwani. Merikebu zilizotoka India na China zilitua Jamestown, bandari ya kisiwa, kuchota maji na kununua mboga; katikati ya karne ya 19 vyombo zaidi ya 1,000 kwa mwaka vilitia nanga. Hapo ni porini au stendi?

Kisha 1869 ukafunguliwa Mfereji wa Suez, na meli za mvuke zikashika njia hiyo. Mfereji uleule ulioisogeza Zanzibar karibu na Ulaya ndio uliowatoa watu wa Saint Helena barabarani.

"Mbona Napoleon alifungwa huko 1815?" Umbali ulisaidia, sikatai. Lakini palikuwa na ngome, askari na meli za kuwalisha. Mfungwa wa aina ile hatupwi pasipo na mlinzi.

Watu: Mreno alipofika 1502 hakumkuta mtu. Wa leo ni uzao wa Waingereza, watumwa wa Madagaska na Asia, vibarua wa Kichina. Wana chakula kiitwacho plo, wali na nyama na bizari katika sufuria moja. Litamke neno hilo polepole, kisha uniambie hukusikia pilau.

Uchumi nitaukimbiza. Walilima mmea wa nyuzi kutoka New Zealand. Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikinunua kamba zao, ilipohamia za sanisi miaka ya 1960, viwanda vikafa. Tanga na mkonge wao wanaujua msiba huo. Sasa wanategemea zaidi fedha za London, maana kisiwa ni cha Uingereza.

Ndege za abiria zilianza Oktoba 2017, kutoka Johannesburg, baada ya upepo wa magengeni kuchelewesha uwanja. Je, mbali imepungua? Hapa mimi mwenyewe nayumba. Kwa saa, ndiyo. Safari ya meli kutoka Cape Town ilikula siku tano. Kwa nauli, sithubutu kumwambia mwanafunzi hivyo. Nimempa alama za ramani tu.