Je, wajua ni kwa nini vidole vinapotea ukishika gita usiyoizoea?

Chukua mpiga solo yeyote wa hapa Nairobi, wiki nzima yuko na Stratocaster yake, gita ya stima ya kampuni ya Fender, Jumamosi amepiga harusi huko Kasarani na mambo yameenda sawa kabisa, alafu Jumapili anafika kanisani anapewa gita ya kanisa, tuseme ni Les Paul ya kampuni ya Gibson, na mkono unakataa. Noti zinatoka juu kidogo, kodi, yaani zile noti kadhaa za kupiga pamoja, alizopiga miaka na miaka zinakwaruza, akienda freti ya tano, vile vyuma vidogo vya shingoni, anajipata ya saba. Na nyuzi ni zile zile sita, zimetyuniwa vile vile. Wengi hapo huamua gita ni mbovu, ama wanaanza kujishuku wao wenyewe, na yote mawili si kweli.

Kile mkono umekariri miaka yote si noti. Umekariri umbali kati ya freti na freti, nguvu ya kubonyeza, mahali shingo inaanzia ukilinganisha na bega lako, hata pale kiganja cha kulia kinapumzikia. Jicho halishughuliki tena na hizo vitu, ndiyo maana unaweza kupiga huku unaangalia waimbaji. Sasa vipimo vikibadilika, mkono unaendelea kufuata vipimo vya gita ile ingine.

Tuanze na urefu wa uzi, manake huko ndiko mengi yanatoka. Naongelea ile sehemu inayolia, kutoka kale kamfupa kako karibu na kichwa mpaka kwa briji, pale nyuzi zinakalia juu ya mwili wa gita. Stratocaster, ambayo Fender waliitoa 1954, ina inchi 25.5, yaani kama milimita 648. Les Paul ya Gibson, ya 1952, inaandikwa inchi 24.75, kama milimita 629. Mtu ataona hiyo ni tofauti ndogo, lakini freti hupangwa kulingana na huo urefu, kwa hivyo freti ya kwanza kwa Strat iko milimita 36.4 kutoka kwa kamfupa na kwa Les Paul iko 35.3. Milimita moja tu, sawa, lakini zinajumlishana, ukifika freti ya 12 umeshapishana karibu sentimita nzima, na vidole vilivyozoea kutanuka vinajikuta vimebanana.

Alafu kuna kukaza. Uzi mrefu ukitaka ulie noti ile ile lazima uvutwe zaidi, na ukipiga hesabu ya vipimo hivyo viwili unapata kama asilimia 6. Uzi mwembamba kabisa wa namba 10 (namba ni ya unene) kwa Strat unavutwa na karibu kilo 7.3, kwa Les Paul ni kama 6.9. Hiyo ndiyo inafanya Les Paul ihisike laini, na hiyo ndiyo sababu mtu aliyetoka Fender anatoa noti za juu, si kwamba haskii, anabonyeza na kubendi, yaani kusukuma uzi pembeni ili noti ipande, kwa nguvu alizozoea na uzi unapitiliza. Anayeenda upande ule mwingine, kutoka Gibson kwenda Fender, yeye noti zake za kubendi hazifiki na vidole vinauma mapema.

Kuna pia mviringo wa ubao wa freti. Shingo za Fender za zamani zimechongwa kwa duara yenye nusu kipenyo cha inchi 7.25, nyingi za siku hizi ni 9.5, Gibson ni 12. Namba ikiwa ndogo ubao ni mviringo zaidi, unakaa poa kwa kodi manake kidole kinalala vizuri, lakini ukibendi sana na nyuzi ziko karibu na freti uzi unagusa freti za mbele na noti inakufa. Mtu wa benga anaweza asigundue hii kabisa. Solo ya benga, ile D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz walituzoesha, inakimbia noti moja moja kwa nyuzi nyembamba kama vile nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, inavyokimbia, haitegemei kubendi. Kwa hivyo gita ile ile moja itamsumbua mpiga bluzi na isimsumbue mpiga benga, na nafikiri tungeuliza kwanza mtu anapiga nini kabla hatujamwambia gita gani ni nzuri.

Lakini kitu naona watu wanasahau sana ni mkanda. Kwa Strat, ile pembe ya juu ni ndefu, na kifungo cha mkanda kiko kwa ncha yake, karibu sambamba na freti ya 12. Gita inaning'inia ikiwa imesogea upande wa kulia, freti ya kwanza iko karibu nawe. Sasa shika SG, ambayo Gibson walianza kuitengeneza 1961, hiyo kifungo chake kiko nyuma pale shingo inapoungana na mwili, kwa hivyo gita nzima inasogea kushoto, na tena kichwa kinataka kuanguka chini. Mkono wako unaenda pale freti ya tano ilikuwa, hewani, ukilinganisha na mwili wako, na pale sasa kuna freti ya juu zaidi. Ndiyo ile ya kutafuta ya tano unapata ya saba! Kaa chini na gita zile zile mbili na nusu ya hiyo shida inapungua, manake paja ndilo linashika gita sasa, si mkanda. Kwa hivyo ukipewa gita ngeni, cheza na urefu wa mkanda kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Mkono wa kulia nao una yake. Shingo ya Les Paul imelazwa nyuma kidogo kwa hivyo briji inasimama juu ya mwili, na kiganja kinakaa juu kuliko kwa Strat ambapo nyuzi ziko karibu na mwili wa gita. Nobu ya sauti ya Strat iko pale pale karibu na nyuzi, kuna watu wanaizungusha na kidole cha mwisho wakiendelea kupiga, na kuna wengine wanaigonga bila kujua sauti inapotea katikati ya wimbo. Kwa Les Paul ziko mbali.

Sauti yenyewe pia inachanganya mkono. Pikapu za Strat, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi zinazonasa sauti, ni za koili moja moja, kali na safi, lakini zinabeba ule mvumo wa stima yetu ya hertz 50. Seth Lover, injinia wa Gibson, mwaka 1955 alibuni pikapu ya koili mbili, kila moja ikifuta mvumo wa nyingine, na hizo ndizo Les Paul zilianza kuwekwa 1957. Zinatoa nguvu nyingi, ampu inajaa haraka, na solo ya benga ama rumba inageuka nzito inazama ndani ya bezi. Punguza sauti kwa gita yenyewe, sogeza mkono wa kulia karibu na briji, na usipige kwa nguvu.

Ya kuogopwa kweli ni briji inayoelea, hasa ile ya Floyd Rose. Nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, briji inasimama katikati. Ukikaza uzi mmoja zingine zinalegea, na uzi ukikatika katikati ya ibada zilizobaki zote zinapanda juu, gita nzima haifai mpaka uweke uzi mwingine. Kama huihitaji fundi anaweza kuweka kipande cha mbao ndani isisonge, hata Eric Clapton, yule mpiga bluzi, huziba ya Strat yake.

Kuzoea kwenyewe si kugumu ukitulia. Piga nyimbo unazozijua polepole, anza na kodi za freti za chini, alafu uruke kutoka ya tatu hadi ya kumi bila kuangalia, ukikosea acha sikio lirekebishe. Usibadilishe namba ya nyuzi siku ile ile unabadilisha gita, hutajua ni nini kinakusumbua. Ukirudi kwa gita yako ya zamani itahisika ngeni kidogo na hiyo ni kawaida, mkono unajifunza kuweka vipimo viwili na kuchagua, mradi zote mbili unazishika mara kwa mara. Na kama ni gita ya kanisa ama ya studio huko River Road, omba uishike mapema kabla watu hawajaingia, na kabla hujalegeza uzi wowote angalia kwanza kama briji inaelea.